Siku 109 bila mpira: nani alishinda vita ya midomo?

Kijiwe cha kahawa hakina VAR. Ukikatiza Kariakoo kutoka Mtaa wa Msimbazi kuelekea Kongo, au ukishuka Gerezani na kutokea bandarini ambako makuli na mawakala wa forodha wanasubiri kontena litoke, utakuta kesi ileile inasikilizwa kila asubuhi, na kila asubuhi inaahirishwa. Kati ya Ahmed Ally wa Simba na Ali Kamwe wa Yanga, nani alimkalisha mwenzake katika zile siku 109 za mwaka 2025 ambazo dabi ilikuwa haichezwi?

Mwananchi akiulizwa anainua vidole viwili. Bao mbili bila, Juni 25, Pacome Zouzoua na Clement Mzize, kesi imekwisha. Mwanamsimbazi anasema hapana, hayo ni mambo ya miguu, hapa tunazungumzia midomo. Na hapo, kwa nadra sana, mwenye timu iliyofungwa ndiye anayeuliza swali la maana.

Kumbukumbu kwanza, maana kuna watu wameshaanza kuipindisha. Dabi ilipangwa Machi 8, 2025, Uwanja wa Benjamin Mkapa, Yanga ikiwa mwenyeji. Jioni ya Machi 7 Simba ilikwenda uwanjani kufanya mazoezi, haki ambayo kanuni inampa mgeni. Simba ikasema imezuiwa kuingia, na usiku huohuo ikatangaza haitacheza. Kesho yake Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo. Yanga ikaenda uwanjani hivyohivyo, ikisema mchezo upo palepale na anayetaka pointi azifuate. Ikatokea Machi, ikapita Aprili, ikaisha Mei. Ikapangwa Juni 15, ikasogezwa hadi Juni 25. Ndipo mpira ukachezwa.

Katikati ya tarehe hizo mbili hapakuwa na mpira wa kuamua chochote kati ya watani hawa, ila maneno tu. Ndiyo maana siku 109 zile ni mali. Kwa kawaida tambo za dabi huishi wiki moja. Jumatatu msemaji anaita waandishi, Jumatano mwenzake anajibu, Ijumaa wote wanapayuka, Jumamosi filimbi inalia na matokeo yanakula maneno yote. Aliyeshinda anaonekana alisema kweli tangu mwanzo hata kama alikuwa anabwabwaja. Aliyefungwa anaonekana mropokaji hata kama wiki nzima alipangua hoja moja baada ya nyingine. Mwaka 2025 kwa mara moja tulipewa pambano la maneno lililosimama lenyewe, bila goli la kulibeba wala kulizamisha.

Kwa mpira aliletwa mwamuzi kutoka Misri. Kwa maneno hakuletwa mtu, ikaachiwa kelele.

Na kelele ni mwamuzi mbovu. Waliokulia Dar ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, enzi za mashindano ya Yo! Rap Bonanza, wanaijua shida hii, na wanaochana leo mitaani bado wanayo. Vijana wawili wanapanda jukwaani, kila mmoja ana raundi zake, mistari inakaribiana kiasi kwamba hata MC anakuna kichwa. Halafu wanaambiwa mashabiki wapige kelele. Aliyekuja na daladala zima la wanamtaa wenzake anashinda. Mwenye mistari anarudi nyumbani kwa miguu.

Sasa wapeleke Ahmed na Kamwe kwenye kipimo hicho. Nani ana daladala kubwa? Hakuna. Nchi hii imegawanyika nusu kwa nusu tangu Yanga ilipozaliwa 1935 na Simba 1936, na kila upande unapigia makofi chochote kinachotoka kwenye kinywa chake. Msemaji akikohoa anashangiliwa. Kwa kelele pambano hili litabaki sare mpaka Kariakoo ihamishwe.

Lakini watu wa nchi hii walikuwa wanaamua mapambano ya maneno kabla mpira haujaletwa, na walikuwa na vipimo. Usukumani, kwenye ngoma za Bagika na Bagalu, makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, yakiwa jirani. Watazamaji wanatembea. Kundi linaloishiwa linaona watu wake wanahamia upande wa pili, na mwisho wa siku lenye umati mkubwa ndilo limeshinda. Hadi leo Bujora pale Mwanza, msimu wa Bulabo, watu wanayaona haya. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hakihesabu waliokuja wakiwa wako. Kinahesabu waliohama. Shabiki wa Yanga akicheka kimoyomoyo kwa kijembe cha Ahmed, hiyo ni pointi. Shabiki wa Simba akikubali kwa shingo upande kwamba "hapa Kamwe ametuweza", hiyo ni pointi. Elfu sitini wa upande wako wakishangilia, hiyo ni desturi tu.

Pwani nako kuna kipimo chake, na hiki ni kikali zaidi. Malenga wanapojibizana, anayejibu hujifunga kwenye vina na mizani za aliyemwanzia. Huruhusiwi kukimbia kichaka ukaanzisha shairi lako jingine tamu. Umeulizwa jambo, unalijibu jambo lilelile, kwa umbo lilelile, na unalirudisha likiwa na makali zaidi. Magazeti ya Kiswahili yalijaza kurasa za majibizano ya namna hii miaka na miaka. Ukitaka kujua msemaji amezidiwa, sikiliza anapohama mada.

Kisha wako waliokuwa Dar miaka ya 1990 wakati wa mipasho, TOT ya Kapteni John Komba upande mmoja na Muungano ya Norbert Chenga upande mwingine, Khadija Kopa na Nasma Khamis wakirushiana maneno. Pale msema chochote hakuwa na nafasi. Mpasho mzuri haukutaja jina la mtu. Mlengwa alijijua mwenyewe, jirani yake alijua, ukumbi mzima ulijua, na bado hakuwa na pa kushtaki. Mtu alinyanyuka kwenda kutunza akiwa na noti mkononi na jicho kwa adui yake.

Kwa vipimo hivyo vitatu, aliyehamisha watu, aliyejibu bila kuhama mada, na aliyechoma bila kutukana, pambano la siku 109 linaweza kuamuliwa. Na liamuliwe kwa raundi.

Raundi ya kwanza ni Machi, na hii ni ya Yanga bila ubishi mrefu. Hoja yao ilikuwa neno moja: wamekimbia. Mtoto wa darasa la pili anaweza kulibeba hadi shuleni. Na lilikuwa na mgongo wa kuliegemea. Simba iliingia kwenye dabi ile ikiwa imefungwa na Yanga mara nne mfululizo: 5-1 ile ya Novemba 5, 2023, kisha 2-1 Aprili 2024, kisha 1-0 kwenye Ngao ya Jamii Agosti, kisha 1-0 nyingine Oktoba. Mtu aliyepigwa nne, ya tano hakutokea. Ungesema nini?

Simba walikuwa na jibu, tena jibu la haki: kanuni ya mazoezi. Mgeni ana haki ya kuuzoea uwanja kabla ya mchezo, na mgeni akifungiwa geti kanuni imevunjwa. Tatizo ni kwamba hoja hii ilihitaji kueleweka kabla haijauma. Ahmed ni mwalimu mzuri, anaeleza taratibu, anajua kupandisha na kushusha sauti, lakini kijembe kinachohitaji maelezo ya dakika tano ni muhadhara. Wanasimba wengi waliikariri kanuni ile kama dua, wakamsomea kila mtani waliyekutana naye kwenye mwendokasi, na mtani akawajibu kwa neno moja lilelile.

Kuna kitu Simba walikosa hapo, na wanaofuatilia mapambano ya rap wanakijua. Kwenye filamu ya 8 Mile ya mwaka 2002, yule kijana anayechezwa na Eminem anaingia pambano la mwisho, anaanza kujisema mwenyewe: umaskini wake, kupigwa kwake, aibu zake zote moja baada ya nyingine. Anapomaliza, mpinzani ameshika maiki hana la kusema. Msemaji wa Simba aliyeanza Machi kwa kukiri nne zile, kwamba ndiyo tumefungwa nne, na ya tano tunaitaka ila kwa kanuni, angekuwa amelipokonya neno "wamekimbia" sumu yake kabla halijatoka Jangwani. Nne zile ziliachwa mezani. Kamwe akazichukua. Moja bila.

Raundi ya pili ni ndefu zaidi na ndiyo yenye utamu. Aprili na Mei Simba walipata kitu ambacho hakuna msemaji anayeweza kukitunga: walikuwa bado wanacheza Afrika. Walimtoa Al Masry kwa penalti kwa Mkapa, wakamtoa Stellenbosch, wakaingia fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane. Yanga walikuwa wameishia makundi ya Ligi ya Mabingwa tangu Januari, baada ya suluhu na MC Alger. Ahmed, ambaye mashabiki wake wanamwita Semaji la CAF, alikuwa nyumbani kwake kabisa. Mwenzako anazungumza habari za pointi za mezani, wewe unazungumza habari za Berkane.

Yanga nao upande wao walikuwa na shauri lao lililofika hadi CAS, lakini CAS ikawarudisha waanzie kwenye vyombo vya ndani. Kwa msemaji hiyo ni raundi ya kuchezea ukutani. Hata hivyo Jangwani walitoa jibu moja lililotimiza sharti la malenga kabisa: fainali hiyo sisi tulishacheza, 2023, dhidi ya USM Alger, na tuliipoteza kwa goli la ugenini tu, tukiwa tumeshinda 1-0 kulekule Algiers. Wameulizwa fainali, wamejibu fainali. Vina vilevile, mizani ileile. Na Berkane walipowafunga Simba 2-0 kule Morocco na kutoka nao 1-1 Zanzibar, jibu lile likapata uzito zaidi, maana Yanga walishinda Algiers na Simba hawakushinda mechi yoyote kati ya hizo mbili.

Basi raundi ya pili ni ya nani? Hapa ndipo vijiwe vinapasuka, na mtu mwenye haki lazima asite. Kuna hoja inayoipeleka kwa Simba kwa unywele. Kwenye mapambano ya maneno mstari mpya unauzidi mstari wa zamani, hata ule wa zamani ukiwa mzuri zaidi. Wachanaji wanalijua hili, ukirudia mistari uliyoitumia mwaka juzi wenye masikio wanakuzomea. Wanasimba wenyewe walishaadhibiwa kwa kosa hili miaka mingi kwa ile 6-0 ya Julai 1977 na mabao matatu ya Abdallah Kibaden. Ni rekodi, hakuna aliyeifikia kwenye dabi, lakini imetumika mpaka imechakaa. Kijana wa leo akisomewa 1977 anaona anasomewa historia. Yanga na 5-0 yao ya 1968 ni hivyohivyo. Mwezi Mei 2025, Simba ilikuwa na habari ya wiki hii na Yanga ilikuwa na habari ya miaka miwili nyuma. Na kipimo cha Kisukuma nacho kinaegemea hukohuko: siku ile ya Zanzibar walikuwepo Wananchi walioiombea Simba, wengine kwa siri, wengine hadharani kwa kuwa ni timu ya Tanzania. Watu walihama kwa jioni moja. Moja moja.

Shabiki wa Yanga anayekataa uamuzi huu ana sababu, na sababu yake si ya kijinga. Anasema fainali ile ni ya wachezaji, haikuwa ya Ahmed, na kama goli haliruhusiwi kuamua raundi ya Juni basi penalti za Al Masry zisiamue raundi ya Mei. Ni hoja safi. Jibu lake ni kwamba msemaji yeyote anachana kwa kilichopo, na tofauti iko kwenye kukitumia. Mwaka 2024 Yanga walipokuwa wanapaa Afrika, Kamwe alikuwa hatari vilevile. Zile siku za kila mchezaji na mechi yake, watu wakapaka nywele rangi kwa ajili ya Pacome, halafu CR Belouizdad akafungwa 4-0 Februari 24. Wakati ule Msimbazi walikuwa hawana la kusema. Aliyepika ni timu, lakini kuna watu wanapewa chakula kizuri wakakimwaga.

Imebaki raundi ya tatu, na hii ina neno moja ndani yake. Hatuchezi.

Kwa ukubwa wake lile ndilo lilikuwa neno bora la msimu mzima, la Simba na la Yanga. Lilikuwa fupi, lilikuwa na kiburi, lilikaa kwenye fulana, kwenye vibandiko vya bajaji, kwenye salamu. Lilibeba msimamo wote wa Jangwani: dabi ya Machi 8 ilishapita, hatutacheza nyingine badala yake. Bodi ikipanga tarehe, hatuchezi. Yeyote aliyewahi kuandika tangazo la biashara angetoa pesa kupata neno kama lile.

Ila neno la namna hiyo lina sharti moja, na sharti lenyewe limo ndani ya neno. Juni 25 Yanga walicheza.

Walicheza wakiwa na pointi 79 na Simba 78, ubingwa ukiwa mezani, wakashinda 2-0 na kombe wakabeba. Kwa mpira hakuna uamuzi bora zaidi ambao Yanga ingefanya. Kwa maneno, walimkabidhi mtani kisu kwa mpini. Tangu siku ilipojulikana kwamba Yanga itaingia uwanjani, Mwanasimba hakuhitaji kanuni, hakuhitaji Berkane, hakuhitaji muhadhara. Alihitaji kuuliza tu: si mlisema hamchezi? Hapo ndipo kwa mara ya kwanza katika siku zote zile hoja ya Simba ilikuwa fupi kuliko ya Yanga, na Yanga ndio wakageuka watu wa kueleza: mazingira yamebadilika, madai yetu yamesikilizwa, na kadhalika. Kilichomkuta Ahmed mwezi Machi kilimkuta Kamwe mwezi Juni. Na walipojibu kwa "tukutane uwanjani", walifanya kile ambacho malenga hakisamehe, walihama mada.

Mbili moja, Simba, kwa maneno. Saa chache baadaye, mbili bila, Yanga, kwa mpira. Yote mawili ni kweli na hayagombani.

Watakaosema huu ni utani usio na uzito wakumbuke bei ya midomo kwenye mpira wetu. Jerry Muro alipokuwa anaisemea Yanga alifungiwa mwaka mmoja na kupigwa faini ya Sh3 milioni mwaka 2016. Haji Manara akiwa Simba alifungiwa miezi 12 na faini ya Sh9 milioni mwaka 2017. Manara huyohuyo, mtoto wa Sunday Manara aliyeng'ara Yanga na kufika hadi Heracles ya Uholanzi, alihamia Yanga 2021, na mwaka uliofuata akafungiwa miaka miwili na faini ya Sh20 milioni baada ya kurushiana maneno na rais wa TFF. Wasemaji wawili, vifungo vitatu, miaka sita. Kanuni za nidhamu zipo, lakini ukimuuliza shabiki mstari kati ya kijembe na kosa unapita wapi, atakwambia unapita pale aliyesemwa anapokasirika.

Hilo ndilo la hatari. Wasemaji wanapohukumiwa kwa kelele, kila mmoja anajua njia ya mkato ya kupata kelele ni ipi: sura ya mtu, mwili wa mtu, kabila la mtu, mama wa mtu. Hapo utani unakufa. Na utani wetu una masharti ambayo mashabiki wengi wa leo hawakufundishwa. Mtani wa kweli anakucheka hadi msibani, anaweza kulala kwenye kaburi mpaka alipwe ndipo maziko yaendelee. Lakini ni huyohuyo anayechimba kaburi hilo, anayebeba maji, anayesimamia chakula cha wafiwa. Ruhusa ya kukucheka ameilipia kwa kazi. Jengo lilipoporomoka Kariakoo Novemba 2024, waliopokezana vifusi mikononi hawakuulizana jezi. Watu wa namna hiyo wana haki ya kuitana Utopolo na Makolo kesho yake asubuhi.

Ahmed na Kamwe, tuwape haki yao, mara nyingi wamebaki upande salama wa mstari huo, na ndiyo maana pambano lao linastahili kuamuliwa kwa uangalifu kiasi hiki. Wote walitokea kwenye utangazaji wa michezo, wanajua neno likishatoka halirudi, na kwenye simu za watu hakuna kinachofutika. Kizazi cha Muro na Manara kilizoea kunguruma, hawa wanajenga hoja. Kamwe anachomekea haraka, sentensi fupi, anakuacha unatafuta umechomwa wapi. Ahmed anazunguka, anakupeleka safari, halafu anakushusha kituo usichokitaka.

Kuna mtu mmoja ambaye katika raundi zote tatu hakujibiwa sawasawa na upande wowote: aliyepanda basi kutoka Mbeya au Mwanza kuja kuiona dabi ya Machi 8. Alilipa nauli, akalipa gesti Kariakoo, akanunua jezi kwa machinga wa Msimbazi, akafika Temeke akaambiwa hakuna mechi. Msemaji mmoja alikuwa na kanuni, mwingine alikuwa na "wamekimbia". Hoja ya nauli haikupata mwenyewe. Kama ingekuwepo raundi ya nne, ingekuwa ya kumjibu mtu huyo, na kwa hali ilivyokuwa wote wangeipoteza.

Kwa dabi zijazo kuna jambo moja Bodi ya Ligi inaweza kulifanya bila kubadilisha kanuni hata moja. Mikutano ya wasemaji inafanyika mbalimbali, kila mmoja kwenye ukumbi wake, mbele ya watu wake, saa yake. Hiyo ni Bagika bila Bagalu. Wawekwe meza moja siku mbili kabla ya mchezo, dakika sawa, raundi tatu, anayeanza apatikane kwa kurusha shilingi, anayejibu abanwe ajibu alichoulizwa. Viwanja vya Mnazi Mmoja vipo hatua chache kutoka Msimbazi na hatua chache kutoka Jangwani, hakuna atakayedai ni ugenini. Geti liwe wazi. Watu watembee wenyewe kutoka upande mmoja kwenda wa pili, na macho ya wote yawe kwa wale wanaohama.